Chupa zinazidi kupungua: Hitchcock moja tu, nikibanwa nichague

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tangu likizo ya Desemba nimekuwa nikiangalia filamu za taharuki za mwongozaji Alfred Hitchcock, na hadi sasa nimemaliza sita: Psycho, The Birds, Rear Window, Vertigo, North by Northwest na Rope. Shemeji yangu, mume wa dada, anashikilia kwamba mtu anayejua filamu lazima aseme Vertigo ndiyo bora, kwa sababu wahakiki wa dunia walishaipigia kura. Mimi Vertigo imenichosha, na yule mwanamume amenikera. Psycho ndiyo usiseme: nilimwagiwa siri yake yote kabla sijaiona, nikajiona nimeibiwa. Je, filamu ya taharuki ukishajua mwisho wake ina faida gani tena? Na wewe ukibanwa uchague moja tu ya Hitchcock, utachagua ipi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Nianze na hilo la kuibiwa, maana tukielewana hapo, uchaguzi wangu utakuwa umejieleza nusu.

Mwaka 1962 Hitchcock alikaa siku kadhaa na François Truffaut, mwongozaji kijana wa Kifaransa, wakazipitia filamu zake moja baada ya nyingine. Mazungumzo yale yalitoka kama kitabu mwaka 1966, na humo mzee anatoa mfano ambao kila anayefundisha filamu ameshautumia hadi ukachakaa, ila bado unafanya kazi. Watu wawili wamekaa mezani wanapiga soga. Chini ya meza kuna bomu. Kama watazamaji hawalijui, likilipuka watashtuka kwa sekunde 15, basi. Lakini waonyeshe kwanza mtu akilitega, kisha waonyeshe saa ya ukutani, wajue kwamba litalipuka saa saba kamili na sasa ni saa saba kasoro robo. Soga zile zile za ovyo zinageuka kuwa mateso. Mtu kwenye kiti chake anataka kuwapigia kelele wainuke, waache habari za kijinga, watazame chini ya meza. Umempa dakika 15 za moto mahali ambapo ungempa sekunde 15 za mshtuko. Taharuki ni hizo dakika 15, na huwezi kuzipata bila kuambiwa mapema.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video somo hilo tulilipata kabla ya kusikia jina la Hitchcock. Yule mtafsiri aliyekuwa akiweka sauti yake juu ya picha alikuwa anafanya zaidi ya kutafsiri, alikuwa anatangulia. "Jamani, stelingi hajui kwamba rafiki yake ameshanunuliwa, subirini muone." Stelingi anaingia na tabasamu lake, na banda zima linamfokea asikae kile kiti. Sikumbuki hata mtu mmoja aliyedai arudishiwe hela yake kwa sababu kaambiwa mapema. Kuambiwa mapema ndiko tulikokuwa tunakulipia.

Kwa hiyo kipimo changu cha Hitchcock ni hicho: ni ipi ninayoweza kuiangalia leo nikiwa najua kila kitu kilichomo, na bado mikono ikalowa jasho? Kura nitazirudia, kwa heshima ya shemeji.

Psycho ya mwaka 1960 kweli iliuzwa kwa siri. Hitchcock alikataza watu kuingia ukumbini filamu ikishaanza, jambo ambalo halikuwa la kawaida enzi hizo, watu walipokuwa wanaingia katikati na kutoka wakifika pale walipoanzia. Wewe umekuja miaka zaidi ya 60 baadaye, siri imeshachuja. Hilo nakubali. Lakini rudia sehemu moja tu, ile ya kinamasi. Norman Bates, yule kijana wa moteli, amesimama ukingoni, anatafuna kitu, anatazama gari lenye maiti likizama. Linakwenda chini taratibu, halafu linasimama, paa likiwa bado nje. Hapo ulitaka nini? Mimi nilitaka lizame. Dakika chache nyuma nilikuwa upande wa mwanamke aliye ndani ya lile gari, na sasa naombea lizame haraka kabla mtu hajapita. Hakuna siri yoyote katika sehemu hiyo. Aliyekumwagia habari za mwisho hakukuchukulia hata tone la kinamasi kile. Na kwa ile ya bafuni, mwanamke anapouawa akioga, iliyochukua siku saba kupigwa na damu yake ikiwa ni rojo la chokoleti, nadhani hata wewe ulishtuka pamoja na kujua.

Hata hivyo Psycho haishindi kwangu. Baada ya bafu na kinamasi, nusu ya pili inabebwa na watu nisiowajali, na yule daktari wa akili wa mwishoni huwa ninamnyamazisha kwa rimoti.

Tatu nitazipita kwa haraka. The Birds (1963) ina mahali pamoja pa kushika pumzi: mwanamke amekaa kwenye benchi nje ya shule anavuta sigara, watoto wanaimba ndani, na nyuma yake kunguru anatua kwenye vyuma vya kuchezea watoto. Mmoja. Kisha wanne. Kisha anageuka. Filamu nzima haina muziki wa kuisindikiza, kuna sauti za ndege tu, nyingi zikiwa zimetengenezwa kwa mitambo. North by Northwest (1959) ni pilau ya sikukuu, sina ugomvi nayo, kula ushibe. Rope (1948), iliyopigwa kwa vipande virefu vya hadi dakika kama 10 bila kukata, ni zoezi la hesabu. Ninaliheshimu, silirudii.

Rear Window (1954) ndiyo iliyonipa taabu. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiulizwa najibu hiyo bila kufikiri. Mpiga picha amevunjika mguu, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, hana la kufanya ila kuchungulia madirisha ya majirani. Mtaa ule wote wa New York ulijengwa ndani ya studio ya Paramount, vyumba 31, kadhaa vikiwa na samani kamili. Sisi tunaotoka kwenye nyumba za kupanga zenye ua mmoja hatuhitaji kueleweshwa filamu hii. Tunajua jirani fulani amepika nini na amegombana na nani, na tunajua kunyamaza ghafla anapopita. Sehemu ninayoipenda ni usiku ule mbwa mdogo anapokutwa amenyongwa. Mwenye mbwa analia kwa sauti, anawasuta majirani wote kwamba hakuna anayemjali mwenzake, na kila dirisha linafunguka, kila mtu anatoka kutazama. Isipokuwa dirisha moja. Ndani ya chumba hicho ni giza tupu, na katika giza hilo kuna doa jekundu la moto wa sigara, linang'aa, linafifia, linang'aa. Mtu amekaa anavuta. Haoni haja ya kuchungulia, kwa sababu anajua nani kamuua mbwa.

Kwa nini basi sikuichagua? Kwa sababu ya mke aliyeuawa. Filamu inataka nijali kama kauawa au hakuuawa, lakini hainipi nafasi ya kumjua. Ni mgonjwa wa mbali anayegomba kitandani, kisha hayupo. Furaha yote iko upande huu wa ua, kwa wanaochungulia. Miaka ilivyokwenda jambo hilo limezidi kunikaa vibaya.

Sasa Vertigo na shemeji. Kuna jarida la Uingereza, Sight and Sound, ambalo kila baada ya miaka 10 huwaomba wahakiki wataje filamu bora za wakati wote. Mwaka 2012 Vertigo ilishika namba moja, ikaiondoa Citizen Kane iliyokuwa imekalia kiti hicho tangu 1962. Hapo shemeji yuko sahihi. Ila mwambie taratibu kwamba kura ilirudiwa mwaka 2022, na Vertigo ikashuka hadi ya pili, nyuma ya filamu ya Chantal Akerman, mwanamke wa Kibelgiji. Na kama anapenda kura, mkumbushe kwamba Hitchcock aliteuliwa mara tano kuwania Oscar ya mwongozaji bora na hakuipata hata mara moja. Filamu yake Rebecca ilitwaa Oscar ya filamu bora ya mwaka 1940, na sanamu ikaenda kwa produsa.

Lakini nisikuache uitupe Vertigo. Yule mwanamume aliyekukera, anayemlazimisha mwanamke abadili nguo, abadili nywele, abadili rangi ya nywele mpaka afanane na marehemu, filamu yenyewe inajua kwamba anakera. Ukerwe, ndiyo kazi yake. Na tazama kitu kingine. Katika riwaya ya Kifaransa iliyozaa filamu hiyo, siri ya yule mwanamke, kwamba ndiye yule yule anayedhaniwa marehemu, hutoka mwishoni kabisa. Hitchcock akaichukua, akaimwaga mapema, theluthi ya mwisho ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Mwanamke anakaa, anaandika barua ya kukiri, na sisi tunajua kila kitu wakati mwanamume hajui lolote. Kwa hiyo ulivyodhani umeibiwa Psycho, kumbe katika Vertigo mwongozaji mwenyewe ndiye mwizi, na ameiba kwa makusudi. Bomu lake ni nywele. Siku akizifunga nyuma zile nywele, litalipuka.

Ninaiheshimu. Huiangalia kila baada ya miaka mitano hivi, na ikiisha nataka kukaa peke yangu. Kuna na hili: Tippi Hedren, aliyeigiza The Birds, ameandika katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 2016 kwamba Hitchcock alimnyanyasa na kutaka kumtawala hata nje ya kazi. Ukishalijua hilo, kumtazama mwanamume akimfinyanga mwanamke kwenye Vertigo kunakuwa na uzito mwingine. Sisemi usiangalie. Nasema siwezi kuiita kipenzi changu.

Kipenzi changu ni Notorious, ya mwaka 1946, ambayo haipo kwenye orodha yako. Nitaimwaga yote hapa chini, kwa makusudi, kama mtafsiri wa banda.

Alicia, anayeigizwa na Ingrid Bergman, ni binti wa Mjerumani aliyefungwa Marekani kwa ujasusi. Anakunywa sana na watu wanamsema vibaya. Anakuja Devlin, yaani Cary Grant, afisa wa usalama wa Marekani, anampa kazi: aende Rio de Janeiro, Brazili, akaingie katika kundi la Wanazi waliojificha huko. Wakiwa wanasubiri maelekezo, wanapendana. Hapo kuna busu maarufu. Kanuni za Hollywood za wakati ule zilikuwa haziruhusu busu lizidi sekunde 3, basi Hitchcock akawafanya wabusiane kidogo, waachane, waongee habari za kuku wa chakula cha jioni, wabusiane tena, watembee hadi kwenye simu wakiwa wameng'ang'aniana, wabusiane tena. Dakika mbili na nusu hivi, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Kisha maelekezo yanafika: Alicia amrubuni Alexander Sebastian, rafiki wa baba yake, aliyewahi kumpenda zamani. Devlin analisikia hili ofisini kwa wakubwa wake akiwa amebeba chupa ya shampeni aliyoinunua kwa ajili ya chakula kile cha jioni. Anatoka, anaisahau chupa mezani. Anafika nyumbani, kuku ameungua, na anamweleza Alicia kazi kama mtu anayesoma ratiba ya basi. Alicia anasubiri neno moja tu, kwamba usiende. Devlin naye anasubiri aseme siendi. Hakuna anayesema. Hapa ndipo filamu inapokamata shingo yangu kila mara, maana nimeona ndoa zikivunjika hivyo hivyo, watu wawili kila mmoja akimngoja mwenzake aanze.

Alicia anakwenda. Sebastian anamtaka awe mke wake. Devlin hasemi kitu. Anaolewa.

Na huyu Sebastian, Claude Rains, ndiye sababu ya pili ya kuichagua filamu hii. Ni Nazi, ni mtu wa kundi linaloua. Mwenzao mmoja alipoteza ujasiri mezani kwa sababu ya chupa fulani, wakamwondoa kimya kimya. Lakini anampenda Alicia waziwazi, kwa upole, bila kumhukumu kwa yaliyopita. Stelingi wetu ni baridi kama chuma cha asubuhi, adui ndiye mwenye moyo. Hitchcock anakuacha hapo, moyo wako hujui uuweke wapi, na hakuokoi mpaka mwisho.

Turudi kwenye bomu. Sebastian anafanya karamu kubwa nyumbani. Devlin amealikwa. Katika stoo ya mvinyo chini ya nyumba kuna kitu, na mlango wake una ufunguo mmoja ambao Sebastian anatembea nao. Kabla ya karamu, Sebastian akiwa bafuni anavaa, huku kivuli chake kinaonekana mlangoni, Alicia anauchomoa ufunguo ule kwenye mkufu wa funguo. Mume anatoka. Anamwendea, anamshika mikono yote miwili iliyofumbwa, anaomba radhi kwa wivu wake. Anafungua kiganja kimoja, anakibusu. Anaelekea cha pili. Ufunguo uko humo. Alicia anamrukia shingoni, anamkumbatia, na nyuma ya mgongo wa mume anaudondosha ufunguo kwenye zulia, kisha anausogeza kwa mguu usionekane. Mume anadhani amependwa.

Halafu karamu yenyewe. Kamera inaanza juu kabisa, kule kwenye taa za dari, inaona ukumbi mzima, sakafu ya miraba meusi na meupe, wageni kama punje. Inaanza kushuka. Inashuka bila kukata, inawapita wageni, inamwendea Alicia aliyesimama na mumewe akipokea watu, inazidi kusogea, hadi picha nzima inakuwa mkono wake uliofumbwa, na kwenye mkono, ule ufunguo. Mtu mwingine angekuonyesha ukumbi, akakata, akakuonyesha mkono. Mzee amekushika shingo akakuinamisha mwenyewe.

Sasa angalia alivyotega saa yake ya ukutani. Hatumii saa. Anatumia shampeni. Devlin na Alicia wanapaswa kushuka stooni bila mtu kujua, lakini vinywaji vikiisha juu, Sebastian atalazimika kushuka kuchukua vingine, na atagundua kwamba ufunguo haupo. Kwa hiyo unaonyeshwa chupa kwenye barafu. Nyingi. Wageni wanakunywa, wanacheka. Unaonyeshwa tena: zimepungua. Mhudumu mkuu wa nyumba ananong'ona kwamba huenda hazitatosha. Kila trei inayopita, kila mtu mwenye kiu anayenyoosha mkono, anakula dakika za watu wawili walioko chini. Unaanza kuwachukia wageni wasio na kosa lolote kwa sababu tu wanakunywa.

Na hapa mzee akafanya utani wake. Unajua alikuwa na desturi ya kujitokeza sekunde chache katika filamu zake nyingi. Katika Notorious anatokea kwenye meza ya vinywaji, mnene, amevaa suti, anapokea glasi ya shampeni, anaimaliza kwa mkupuo mmoja, anaondoka. Yaani mwongozaji mwenyewe ameingia kwenye filamu yake kuja kupunguza muda wa mashujaa wake. Mara ya kwanza kuligundua hilo, nilikuwa naiangalia kwa mara ya nne au ya tano. Nilicheka peke yangu usiku wa manane.

Chini stooni, Devlin anasukuma chupa bila kujua, inadondoka, inavunjika. Badala ya mvinyo unamwagika mchanga mweusi. Ni madini ya urani. Wanausafisha, wanajaza mchanga kwenye chupa nyingine, ila mwaka kwenye lebo haulingani na chupa za jirani. Sebastian anashuka. Devlin hana pa kujificha, basi anamkumbatia Alicia na kumbusu ili mume adhani kafumania mapenzi, asijue kafumania ujasusi. Fikiria hali hiyo: mwanamume anajifanya anampenda mwanamke ambaye kweli anampenda na ameshindwa kumwambia.

Kuhusu urani nitoke nje ya njia kidogo. Mazungumzo ya kuiandika filamu hii, kati ya Hitchcock na mwandishi Ben Hecht, yalianza kabla ya bomu la Hiroshima la Agosti 1945, watu wengi wakiwa hawajawahi hata kulisikia neno hilo. Produsa aliona ni upuuzi. Hitchcock akamjibu kwamba kama hataki urani, basi waweke almasi, kwake ilikuwa mamoja. Kitu ambacho majasusi wanakigombania ni kisingizio tu cha kuwakutanisha watu. Katika filamu madini yanatoka milima ya Brazili. Katika dunia halisi, sehemu kubwa ya urani iliyotumika kwenye mradi wa bomu la Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, karibu na Likasi, na wasomaji wetu wa huko hawahitaji kuambiwa na mimi. Kwao haikuwa kisingizio.

Nirudi nyumbani kwa Sebastian. Usiku ule ufunguo haupo kwenye mkufu. Asubuhi na mapema anautazama tena: umerudi. Anashuka stooni, anasoma lebo moja moja, anaona mwaka usiolingana. Anapanda ngazi hadi chumbani kwa mama yake, mwanamke ambaye tangu mwanzo hakumpenda mkamwana, anamwamsha na kumwambia kwamba amemuoa jasusi wa Marekani. Bibi yule hashtuki. Anakaa vizuri kitandani, anachukua sigara, anaiwasha. Kisha anamweleza mwanawe kwamba kinachowalinda kwa sasa ni ukubwa wa ujinga wake, maana hakuna mwenzao atakayeamini kwamba mtu anaweza kufanya kosa kubwa kiasi hicho. Wakijua, watamuua yeye Sebastian. Kwa hiyo mke lazima afe polepole, aonekane mgonjwa tu.

Sumu inakuja kwenye kahawa. Kuanzia hapo hutaki kumwona mtu akimletea Alicia kikombe. Kamera inakiweka mbele kabisa, kikubwa kuliko uso wake, na yeye nyuma anaongea habari za kawaida, anakichukua, anakunywa. Ukirudia filamu utagundua kwamba hata mwanzoni kabisa, asubuhi ile ya pombe kichwani, kulikuwa na glasi imewekwa mbele ya uso wake hivyo hivyo, na Devlin akimwamuru anywe. Filamu nzima ni vinywaji: pombe ya Miami, shampeni iliyosahauliwa ofisini, shampeni ya karamu, mvinyo usio mvinyo, kahawa. Haya huyaoni mara ya kwanza. Mara ya kwanza unahangaika kujua nini kitatokea.

Siku moja mgeni wa nyumbani anakosea, anataka kuchukua kikombe cha Alicia. Mume na mama mkwe wanapiga kelele kwa pamoja. Kimya. Alicia anakitazama kikombe. Anamtazama mama mkwe. Anamtazama mumewe. Ameelewa, na miguu haimbebi tena.

Mwisho ni ngazi. Devlin, baada ya siku za kununa, anakuja. Anamkuta kitandani, anamwambia hatimaye lile neno ambalo lingemaliza kila kitu mapema, anamnyanyua, na wanaanza kushuka. Chini wamesimama Wanazi wenzake Sebastian, wanatazama juu. Sebastian na mama yake wako pembeni ya Devlin kwenye ngazi. Hakuna bastola inayotolewa. Sebastian akipiga kelele, wenzake watajua kwamba alimuoa jasusi. Akinyamaza, mke anaondoka. Kwa hiyo adui anamsindikiza stelingi hatua kwa hatua hadi mlangoni, akijifanya anampeleka mkewe hospitali. Kwenye gari anaomba wamchukue na yeye. Devlin anafunga mlango kwa ndani. Nyuma yake mmoja wa wenzake anamwita arudi, kwa adabu kabisa, wana mazungumzo. Sebastian anageuka, anazipanda zile ngazi za nje, mlango unafungwa. Imekwisha. Risasi hatusikii, na kila mara naiangalia nikiwa namwonea huruma Nazi, kisha najikasirikia.

Ni dakika 101, nyeusi na nyeupe. Usiiangalie kwenye simu ukiwa ndani ya daladala. Ule mkono wenye ufunguo unahitaji kioo kikubwa na taa ziwe zimezimwa. Cary Grant aliuhifadhi ufunguo wenyewe kwa miaka, baadaye akampa Bergman, na mwaka 1979, kwenye hafla ya kumuenzi Hitchcock huko Marekani, Bergman akamkabidhi mzee mwenyewe mbele ya watu. Mzee alifariki Aprili mwaka uliofuata.

Kwa shemeji fanya hivi. Mkaribishe Jumapili, na kabla hujawasha msimulie yote, kama nilivyokusimulia: ufunguo, lebo, kahawa, ngazi. Asibakiwe na siri hata moja. Halafu trei ya shampeni ikianza kuzunguka, acha kutazama filamu, mtazame yeye.